Msamaha wa Mkanda

Askari alipouvuta mkanda kwa vidole viwili, mkanda ukaja wote. Haukujikunjua kutoka kwenye nguzo ya mlango kama mikanda mingine. Ulibanduka juu na chini kwa mpigo mmoja, kwa mlio wa kitambaa kinachochanika, ukabaki ukining'inia mkononi mwake. Aliutazama. Akamtazama mwanamke aliyekuwa kwenye usukani, kisha akainua macho kwenye bango la juu ya paa, lenye jina la shule ya udereva na neno MWANAFUNZI kwa herufi nyekundu.

"Mama," akasema, kwa upole uliouma kuliko ukali, "huu ni mkanda au ni pambo?"

Kwenye kiti cha nyuma mwanafunzi mmoja, kinyozi kwa kazi yake, alicheka kabla hajajua kuwa anacheka. Mwenzake, mlinzi wa benki, alimkanyaga mguu. Karani aliyekaa mbele, pembeni mwa Mwalimu aliyeshika usukani, aliinamia daftari lake kana kwamba kuna jambo kubwa limeandikwa humo.

Hilo lilikuwa somo la kwanza la kundi hilo, na shuleni somo la kwanza lilikuwa na utaratibu wake. Mwalimu huendesha mwenyewe, wanafunzi hutazama, naye hutaja kila anachokifanya wakati anapokifanya: naangalia kioo, naweka indiketa, nakanyaga klachi. Waliliita kuendesha kwa sauti. Alikuwa amelianzisha yeye miaka kumi na tisa iliyopita, na shule nyingine mbili za mji huo zilikuwa zimeliiga bila kumwomba ruhusa. Asubuhi hiyo, kabla ya kuwasha gari, alikuwa amesema kwa sauti ile ile iliyonyooka, "Nimefunga mkanda," na karani alikuwa ameliandika neno hilo namba moja.

"Ulipoinama kunisikiliza, mkanda haukulifuata bega lako," askari alieleza, kama mtu anayetaka kusifiwa kidogo. "Nikasema, huu una lake. Leseni, tafadhali. Na kibali cha kufundishia."

Mwalimu alivitoa. Mbele ya magoti ya karani kulikuwa na kisanduku cha dashibodi, na ndani yake, chini ya kitabu cha gari, mlikuwa na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti chenye muhuri wa hospitali na saini ya daktari, kinachomruhusu kuendesha bila mkanda kwa miezi sita. Mstari wa nne wa cheti hicho ulisema: Sababu. Mbele yake daktari alikuwa ameandika kwa wino mweusi, kwa mwandiko mkubwa usioweza kusomwa vibaya: kuondolewa titi la kulia, na mionzi. Alihitaji kunyoosha mkono tu. Kinyozi alikuwa amejisogeza mbele, kidevu chake kiko begani mwa karani.

"Una la kusema?" askari akauliza.

"Sina."

"Hata moja?"

"Andika ulichokiona."

Akaandika: kuchezea kifaa cha usalama, kumdanganya askari. Kibali akakitia mfukoni. Akampa karatasi ya kufika mbele ya Bodi ya Leseni baada ya siku sita, na wanafunzi wote watatu akawaandika kuwa mashahidi. Kisha akaunyooshea kidole mkanda wa kweli, uliokuwa umejikunja kwenye nguzo ya mlango kama mnyama aliyesahauliwa.

"Sasa funga ule, uondoke. Leo hutanidanganya mara ya pili."

Mwalimu aliuvuta mkanda, akaupitisha juu ya kifua, akaubana. Ulilia tiki. Hakuna aliyeona chochote usoni mwake, kwa sababu alikuwa ameugeuzia kioo cha pembeni.

"Nimefunga mkanda," akasema. "Naangalia kioo. Naweka indiketa."

Aliendesha kilomita nne hadi shuleni, na hakuruka tendo hata moja.

* * *

Mumewe alikuwa mshona viti vya magari. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye cherehani nzito ya miguu, marobota ya sponji yaliyofika dari, na harufu ya gundi iliyozoeleka hata wageni tu ndio waliokuwa wakiisikia. Watu walimwita Fundi, na hata mkewe alimwita hivyo. Watoto wao wawili walishajitegemea. Aliyebaki nao ni mama yake Fundi, aliyekuwa na chumba cha nyuma na kauli ya mwisho katika mambo mengi.

Mama mkwe ndiye aliyemfungua mkwewe vifungo vya blauzi jioni hiyo, kama alivyokuwa akifanya kila jioni tangu hospitali ilipomrudisha nyumbani. Alitazama, akaenda kuleta maji ya vuguvugu na pamba.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mkanda, mama."

"Wa mwanangu? Si aliuwekea sponji?"

"Wa kweli."

Akawaeleza wote wawili, yeye akiwa kwenye kigoda, Fundi akiwa mlangoni na mkasi mkononi. Fundi alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa huruma, lakini swali lililomtoka lilikuwa la fundi.

"Alivuta kutoka upande gani?"

"Upande wa mlango."

"Nilijua tu. Pale nilipaswa kutia kitufe, si utepe wa kunata."

"Mkeo amerudi na kifua kama nyanya iliyomenywa," mama yake akasema bila kuinua kichwa, "wewe unauliza kitufe."

Mwalimu alicheka, na kucheka kukamuuma, akaacha.

Ule mkanda wa bandia Fundi hakuushona kwa nia ya kuvunja sheria. Wiki ya kwanza mkewe aliporudi kazini, mwanafunzi mmoja alimwambia, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, umesahau mkanda," naye akajibu kuwa kweli amesahau. Alirudi nyumbani akakaa pale karakanani juu ya robota la sponji. Kazini walijua kuwa alipasuliwa tumbo. Aliwaambia hivyo mwenyewe, kwa kuwa tumbo halina maswali. Fundi aliushona ule mkanda siku iliyofuata: utepe uliotoka kwenye gari bovu, wa rangi ile ile, sponji laini chini yake, uzi wa rangi ya kijivu, na mshono uliofichwa ndani ya mkunjo. Alimpima mkewe bega na nyonga kama anayempima gauni, na mkewe akamshikia futi. Ulipokamilika wote wawili waliutazama kwa furaha. Hakuna aliyesema neno uongo. Neno hilo lilikuja baadaye, kwenye karatasi ya askari.

"Semeni gari lilitoka kiwandani hivyo," mama mkwe akashauri, akikamua pamba.

"Mama," Fundi akasema.

"Mimi natoa wazo. Mkiwa na lenu, leteni."

* * *

Mwenye shule alimwita ofisini asubuhi. Alikuwa mtu wa suti moja na tai tatu, na mezani kwake palikuwa na gari dogo la plastiki la kufundishia njia panda, ambalo alilisogeza huku na huku kila alipokuwa na jambo zito.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Sijawahi kukuuliza umechelewa wapi, kwa sababu hujawahi kuchelewa. Leo nauliza. Mkanda wa bandia, Mwalimu? Kwenye gari lenye jina langu?"

"Ni kosa langu."

"Kosa nalijua. Nipe sababu, nami nitaipeleka Bodi kwa miguu yangu."

Mwalimu alitazama kigari cha plastiki. Kilikuwa kimesimama katikati ya njia panda, mahali ambapo hakuna gari linalopaswa kusimama.

"Sina ya kukupa leo."

Mwenye shule alishusha pumzi. "Basi nikupe mimi. Mumeo ni mshona viti. Aandike barua kwamba alikuwa akirekebisha kiti, akaondoa mkanda, akabandika ule kwa muda, bila wewe kujua. Yeye hana kibali cha kupoteza. Atapewa faini ndogo, yaishe. Wewe Bodi ikikufutia kibali, ni moja kwa moja. Hawakurudishii. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Fikiria. Mpaka siku ya Bodi hutagusa usukani. Utakuwa darasani, kwenye ubao."

Katika shule ile ubao ulikuwa wa walimu wapya na wa wale ambao macho yao yameanza kuchoka. Kijana aliyeajiriwa miezi minane nyuma, ambaye Mwalimu mwenyewe alimfundisha kugeuza gari kwa mara tatu, alichukua funguo zake mezani akiwa ameinamisha macho. "Samahani, Mwalimu," akasema. "Kiti usikisogeze," Mwalimu akamjibu. "Utanisumbua nikirudi."

Kwa bahati mbaya, au kwa utaratibu wa mtaala tu, somo la ubaoni siku hiyo lilikuwa sheria za mikanda. Aliandika kichwa cha somo. Mgongo wake ulipogeukia darasa, mlio mwembamba ukasikika nyuma, krrrp, wa kitu kinachobanduka. Kinyozi aliuiga vizuri sana. Wanafunzi wa makundi mengine, ambao habari ilishawafikia, walifunika vinywa.

Mwalimu aliendelea kuandika.

"Mwalimu," karani akauliza, kwa kuwa yeye alitaka kufaulu mtihani, "kuna dereva anayesamehewa mkanda?"

"Wapo. Dereva anayerudi nyuma. Dereva wa gari la zamani lililotengenezwa bila mikanda. Na dereva mwenye cheti cha daktari."

"Na wenye mikanda ya kubandika?" kinyozi akadakia.

Darasa likacheka.

"Hao hawamo," Mwalimu akasema.

"Huyo mwenye cheti," karani akaendelea, kalamu tayari, "anakifanyia nini? Anakibandika kwenye kioo?"

"Anakibeba. Akiulizwa, anakitoa."

"Basi ni rahisi."

"Ni rahisi," Mwalimu akakubali, na chaki ikamkatikia mkononi. Aliokota kipande kikubwa, akaendelea na mstari alipoachia.

* * *

Fundi hakuhitaji kuambiwa na mwenye shule. Siku ya tano, mchana, mkewe alimkuta ameketi kwenye meza ya kukatia ngozi, ameinamia karatasi yenye mistari, ulimi uko pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la pili. Alijaribu kuifunika kwa kipande cha vinili, akachelewa.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Barua ilisema kuwa yeye, mshona viti, aliutengeneza ule mkanda na kuubandika kwenye gari la shule, na kwamba mkewe hakuwa na habari yoyote.

"Ina makosa mawili," akasema. "La kwanza ni tarehe."

"Na la pili?"

"Yote yaliyobaki."

"Mke wangu, sikiliza." Fundi alivua miwani. "Mimi watanifanya nini? Hawawezi kuninyang'anya cherehani. Wewe wakikuchukulia kibali utakaa hapa, uanze kunifundisha mimi namna ya kushika sindano. Nitakimbia nyumba."

"Nilikushikia futi, Fundi."

"Hilo wanajuaje?"

"Mimi ninajua." Alikaa kwenye robota lile lile la sponji. "Watu wanaleta viti vyao kwako kutoka upande wa pili wa mji. Unajua kwa nini? Kwa sababu ukimwambia mtu hii ni ngozi, ni ngozi. Ukimwambia ni vinili, ni vinili, na bei anaijua. Sasa unataka uende mbele ya Bodi, usaini jina hilo chini ya kitu ambacho si ngozi wala si vinili."

Fundi aliigeuza karatasi juu chini, kama atakayeona upande wa pili neno la kumsaidia.

"Basi utawaambia nini? Ukitoa cheti, watauliza kwa nini hukukitoa siku ile. Mwenye ruhusa anajificha nini?"

"Hilo ndilo swali lenyewe," mkewe akasema. "Siku tano ninalizunguka. Jibu lake ni dogo, na linanitia aibu kuliko ugonjwa. Sikutaka kinyozi ajue nina titi moja."

Kutoka chumba cha nyuma mama mkwe, ambaye masikio yake hayakuwa yamestaafu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyo kinyozi mwili wake una kasoro gani? Mbona hatuambii?"

* * *

Bodi ilikaa kwenye chumba chenye viti vya chuma na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa uvivu. Walikuwa wajumbe watatu. Mwenyekiti alikuwa mkaguzi wa magari wa zamani, mwenye miwani minene na kidole gumba kilichowahi kubanwa na boneti. Askari alikaa upande mmoja, sare yake imepigwa pasi. Mashahidi watatu walikaa kwenye benchi la ukutani, mwenye shule kwenye kiti kando yao, na Fundi mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyemwita.

Ule mkanda uliwekwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Askari alieleza alivyouona, alivyouvuta, ulivyokuja. Kinyozi aliulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli, kwa sauti ndogo kuliko ile ya darasani.

"Mwalimu," Mwenyekiti akasema, "kosa hili kwa mwanafunzi ni jambo moja. Kwa anayefundisha ni jambo jingine. Una utetezi?"

Mwalimu alisimama. Akaifungua bahasha ya kaki, akakitoa cheti, akakitandaza mezani na kukilainisha mikunjo kwa kiganja. Mwenyekiti alikisoma. Alipofika mstari wa nne aliinua macho, akakigeuza haraka ili wengine wasikione.

"Ukipenda," akasema kwa sauti ya chini, "mashahidi wanaweza kutoka nje. Hata mwajiri wako."

Mwenye shule alikuwa tayari ameshika mgongo wa kiti ili ainuke.

"Waache," Mwalimu akasema. "Wamelisikia kosa. Wasikie na sababu."

Hapo akageuka kidogo, ili benchi la ukutani limsikie pia, kama alivyozoea kugeukia kiti cha nyuma.

"Miezi mitatu na nusu iliyopita niliondolewa titi la kulia. Ilikuwa saratani. Baadaye nilichomwa mionzi, na ngozi ya hapa bado ni mbichi. Mkanda ukipita kulia au ukipita kushoto, lazima upite juu yake. Daktari akaniandikia msamaha wa miezi sita, na akaniambia wazi kwamba cheti hakinilindi na ajali, kinanilinda na kidonda tu, kwa hiyo niendeshe kwa akili. Sheria inataka kitu kimoja kutoka kwangu: nikiulizwa, nikitoe. Siku ile niliulizwa mara mbili. Cheti kilikuwa umbali wa mkono wangu. Sikukitoa, kwa sababu nilikuwa na wanafunzi garini na nilikuwa na haya. Sheria ilikuwa imeshanisamehe. Mimi ndiye niliyekataa kusamehewa, nikavaa uongo. Na nikautamka kwa sauti, wao wakauandika kwenye madaftari. Hilo la madaftari ndilo linaloniuma."

Karani, bila kujua, alikuwa ameshika daftari lake kwa mikono miwili.

Askari alikohoa. "Mheshimiwa, naomba kusema." Akaruhusiwa. "Mama, ungenionyesha hiki, ningekupisha."

"Najua."

"Na mimi nikakuamuru ufunge ule wa kweli."

"Ulifanya kazi yako. Mimi ndiye sikufanya yangu."

"Huo mkanda nani kautengeneza?" mjumbe mmoja akauliza.

"Mimi," Fundi akasema kutoka mlangoni, na kabla hajaruhusiwa alikuwa ameshafika katikati ya chumba. "Mimi nimeushona. Yeye alijua. Alinishikia futi."

Mwenyekiti aliutoa mkanda kwenye mfuko. Akaupeleka karibu na miwani, akaugeuza, akaupitisha kwenye kidole chake kilichobanwa, akaugeuza tena.

"Mshono uko wapi?"

"Chini ya mkunjo, mheshimiwa. Kushoto."

Mwenyekiti alitafuta. Alipouona, aliupitishia ukucha mara mbili.

"Mkono wako ni mzuri," akasema hatimaye, "na ndiyo sababu kosa lako ni kubwa. Fundi mbovu angeshona kitu ambacho hata mtoto angekigundua. Askari wangapi wamelipita gari hili wakidhani mwenye usukani yuko salama? Hutashona tena kitu cha namna hii, kwa mkeo wala kwa mtu mwingine. Utasaini hapa."

Fundi alisaini jina lake lote, polepole, kwa herufi zilizosimama.

Wajumbe walinong'ona. Feni ikazunguka. Kisha Mwenyekiti akasoma uamuzi: kibali hakifutwi; kinasimamishwa siku ishirini na moja; onyo la maandishi litabaki kwenye faili; mkanda wa bandia utabaki kwa Bodi. Akamuuliza Mwalimu kama anataka kuomba apunguziwe.

"Hapana," akasema. "Ni haki."

Alisaini bila kuketi.

Nje, kwenye korido, mwenye shule alimngoja akiwa amelegeza tai.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungenipeleka ubaoni."

Mwenye shule alifikiri. Alikuwa mtu wa biashara, lakini hakuwa mwongo. "Ningekupeleka," akakiri.

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Na sasa?"

"Sasa nina adhabu ya siku ishirini na moja. Nitaimaliza, na siku ya ishirini na mbili nitataka funguo zangu."

"Utazikuta mezani."

Kinyozi alikuwa amesimama karibu na ngazi, anazungusha kofia mikononi. Alipomwona alijikwaa kwenye maneno kabla hayajatoka.

"Mwalimu, ule mlio wa darasani…"

"Uliuiga vizuri," Mwalimu akasema. "Ungekuwa unageuza gari vizuri hivyo, ungeshafaulu."

Mlinzi wa benki alicheka kwa nguvu, karani naye, na mwisho kinyozi mwenyewe, kwa unafuu wa mtu aliyetarajia kofi akapewa kazi ya nyumbani. Fundi alimshika mkewe kiwiko wakashuka ngazi. Hakuwahi kumshika kiwiko hadharani. Mwalimu aliliona hilo, akaacha lipite bila kulitaja.

* * *

Siku ya ishirini na mbili kulikuwa na kundi jipya. Mwalimu alikuta kiti chake kimesogezwa mbele kwa vidole viwili, akakirudisha mahali pake. Pembeni yake alikaa binti anayeuza simu, nyuma mwashi mmoja, na nyuma ya Mwalimu hasa mzee aliyestaafu kazi ya posta, ambaye alikuwa amengoja miaka sitini na sita kujifunza gari na sasa alikuwa amevaa koti kwa heshima ya siku hiyo.

"Hili ni somo la kuendesha kwa sauti," akawaambia. "Kila ninachofanya nitakitaja. Mkinisikia nataja jambo ambalo sijalifanya, mnikatize. Mna ruhusa hiyo kuanzia leo mpaka siku ya mtihani. Kwanza, fungeni mikanda."

Tiki mbili zikasikika.

"Mimi sifungi," Mwalimu akasema, kwa sauti ile ile aliyotajia vioo na klachi. "Nilipasuliwa saratani ya titi na kidonda hakijapona. Nina cheti cha daktari, kiko hapa kwenye kisanduku, anayetaka kukisoma akisome. Muda wake ukiisha, nitafunga kama nyinyi."

Binti wa simu alimtazama, kisha akatazama mbele. Mwashi alisema pole, Mwalimu akamshukuru. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo aliposikia koti likichakarishwa nyuma yake.

"Mwalimu," mzee akasema, "mimi nina ngiri, na mkanda huu unapita palepale. Nami nisifunge?"

Mwalimu alimtazama kwenye kioo cha kati. "Una cheti cha daktari, mzee?"

"Sina."

"Basi funga."

Mzee alivuta pumzi, akavuta na mkanda, akautafutia tundu lake kwa muda, mwashi akamsaidia. Ulipolia tiki, Mwalimu aliwasha gari.